Mdogo wangu ni mmisionari wa Mormoni Nairobi, hii ndiyo Krismasi yake ya kwanza huko, naombeni waliopitia mnieleze

Nyota_ya_Ziwa

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kwenda misheni ya lile Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi tunaliita la Mormoni, au hata mtu anayeishi nao jirani tu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka 20. Alijiunga na kanisa hilo akiwa anasoma Dar, sisi huku Mwanza ni Wakatoliki toka enzi za babu, ilipopita kama mwaka na kitu akaja nyumbani akamwambia mama anaenda misheni miaka miwili, mama alikaa kimya siku nzima halafu akakubali kwa shingo upande kwa sababu dogo hajawahi kumsumbua kwa lolote. Akapangiwa Kenya, yuko Nairobi upande wa Eastlands tangu Agosti, anatupigia vidio kila Jumatatu na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Sasa Desemba imeingia na bi mkubwa hana raha kabisa. Kwetu Krismasi ni jambo kubwa, mkesha wote tunaenda misa ya usiku, asubuhi yake kuna pilau na kuku wa kienyeji, watoto wa kaka zetu wamejaa mpaka barazani, na dogo ndiye alikuwa mchinja kuku na mpiga picha wa familia. Mama kila akikaa kupanga bajeti ya sikukuu anaishia kuuliza "na huyu mtoto atakula wapi". Jumatatu iliyopita alivyopiga nilimwona kama amepungua mashavu, anacheka, lakini ukimuuliza unaendeleaje anajibu haraka haraka "namshukuru Mungu dada" halafu anabadilisha mada. Nimemlea mimi huyu, akianza hivyo ujue kuna kitu.

Kwa hiyo naomba kujua, hivi hawa watu Krismasi wanasherehekea au wako kama Mashahidi wa Yehova ambao hawana sikukuu hiyo? Siku yenyewe wanashinda wapi na nani? Je, tunaweza kuongea naye tarehe 25 hata kama sio Jumatatu? Tukimtumia mzigo utamfikia? Na zaidi ya yote tumwambie nini, maana sitaki tumpe furaha ya nusu saa halafu akikata simu abaki na majonzi wiki nzima.

Kijana_wa_Kibwezi

Dada pole, na usiwe na wasiwasi sana. Mimi ni Mkenya, misheni nilifanyia Uganda, sasa naishi Nairobi na hawa vijana huwa tunawakaribisha kwetu kula, kwa hivyo hili jambo nimeliona kutoka pande zote mbili.

Krismasi wanasherehekea, tena sana. Mwanzo wa Desemba kuna ibada maalum inarushwa kutoka Salt Lake City, Marekani, makao makuu ya kanisa, na ile kwaya yao kubwa, alafu tangu 2016 kuna kampeni ya kila Desemba ya kuangaza ulimwengu, yaani mtu anahimizwa kila siku amfanyie mwingine kitu kizuri, na huku mitaani wamisionari ndio wanaibeba. Tarehe 23 pia ndiyo siku Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, alizaliwa, 1805, kwa hivyo wiki hiyo ina uzito wake. Jumapili ya karibu na Krismasi ibada inakuwa ya nyimbo na Luka mlango wa pili. Misa ya mkesha hakuna, hiyo ataikosa, na kama amekua akienda misa ya usiku na mama yake usishangae akiiwaza hiyo kuliko pilau.

Sasa nikueleze kwa nini amepungua mashavu vile mimi naona. Siku ya kawaida ya mmisionari imejaa. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi kidogo, wanasoma maandiko kila mtu peke yake kisha wanasoma wawili pamoja, alafu wanatoka kutembelea watu mpaka jioni, saa nne na nusu usiku taa zinazimwa. Uko na mwenza wako, yaani mmisionari mwenzako mliopangwa pamoja, masaa yote, hamuachani, na kila wiki sita hivi kunakuja habari za uhamisho, unaweza badilishiwa mwenza ama mtaa. Inachosha lakini hiyo ratiba ndiyo inakubeba, huna nafasi ya kulala chali ukiwaza kwenu.

Desemba ndiyo inaivunja hiyo ratiba. Nairobi ikikaribia Krismasi watu wanaenda ushago, yaani kijijini kwao. Yule baba mlikuwa mnamfundisha kila Jumanne anawaambia "Elda tuonane Januari" (Elda ndivyo mmisionari wa kiume huitwa). Ile familia ilikuwa inawangoja kila Alhamisi jioni imefunga mlango na kufuli kubwa. Mnazunguka estate jua linawaka, shati jeupe limeshika mgongo, na hamna mlango wa kubisha, hata mama mboga amefunga kibanda. Nauli ya matatu imepanda na ile pesa ya matumizi ya mwezi imebaki kidogo. Saa nane mchana mko kwa nyumba mnaangaliana. Hapo ndipo nyumbani kunakuingia mpaka kwa mifupa. Watu wengi hudhani siku ngumu ni tarehe 25, hapana, hiyo huwa sawa, ngumu ni hizo siku za kabla na ile wiki ya kuelekea mwaka mpya wakati kila kitu kimesimama na wewe ulikuja kufanya kazi. Mimi nadhani hicho ndicho umeona usoni mwake, sio njaa.

Siku yenyewe sasa. Maelekezo hutoka kwa rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wote wa eneo, kwa hivyo usishangae yakitofautiana kidogo na ya mahali pengine, lakini kwa kawaida kabla ya Krismasi anawakusanya wamisionari wa zoni kadhaa, yaani makundi ya sehemu mbalimbali, wanakula pamoja, wanaimba, wanaigiza vichekesho, na wanapewa barua na vifurushi vilivyofika ofisini. Vijana huingojea hiyo siku kweli kweli kwa sababu wanakutana na wale walianza nao. Alafu tarehe 25 wanaalikwa na waumini. Nikiwa Uganda mama mmoja wa tawi letu (kusanyiko dogo la kanisa) alitupikia luwombo, kuku amefungwa ndani ya jani la ndizi lililobabuliwa kwa moto, ukilifungua mvuke unakupiga usoni, na matoke kando. Lakini kitu kiliniingia moyoni ni kwamba alitukalisha kwa mkeka na wanawe, viti vya wageni akawaachia wazee, na katikati ya kupika akaniita "wewe, chukua jerikani ulete maji". Nikaenda kwa bomba na yule mtoto wake mdogo, nikarudi nimelowa mguu mmoja, akaniambia weka pale. Mtu akikutuma maji siku ya Krismasi ujue wewe sio mgeni tena. Mama yako ajue kuna akina mama wa aina hiyo Nairobi pia, nawajua.

Kitu kingine, hawanywi chai ya majani wala kahawa, ni Neno la Hekima, sheria ya kanisa kuhusu afya, na pombe na sigara pia hapana. Kenya kukataa chai kwa nyumba ya mtu, tena Krismasi, ni kazi ngumu, mwenye nyumba anaweza ona umemdharau. Wanaomba maziwa moto ama maji ya tangawizi, mchaichai uko sawa. Waliozoeana nao huwatengea sufuria ndogo kando bila kuulizwa.

Simu: zamani ilikuwa Krismasi na siku ya akina mama tu, basi, mwaka mzima. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kila wiki siku ya maandalizi, ndiyo hiyo Jumatatu yenu, na juu ya hiyo kuna siku maalum kama Krismasi, siku ya mama, siku ya baba na siku za kuzaliwa za wazazi. Kwa hivyo tarehe 25 mtaongea. Ila kawaida yeye ndiye anapiga, so Jumatatu ya kabla yake mkubaliane saa, familia yote ikae pahali pamoja, bando lijazwe, sio kila mtu kumtafuta kwa wakati wake.

MamaTed_Donholm

Mimi si wa kanisa lao, ni Mwanglikana, lakini wanakaa kwa ploti yetu floo ya juu, vijana wanabadilishwa ila nyumba ni ile ile. Jumatatu asubuhi kamba yote ya nguo ni mashati meupe, mwingine akiyafua na mkono kama hajawahi fua maishani, tulishamfundisha kufikicha kola. Wanapika wenyewe, wali na maharagwe, na harufu ya kuungua nimeisikia mara nyingi, lakini njaa hawana dada, waambie mama apumue.

Desemba iliyopita nilikuwa naenda Kakamega na watoto, mizigo mingi, nikikutana nao kwa ngazi wakanipokonya mabegi, mmoja akabeba kifurushi cha unga na mwingine akabeba mtoto, tukaenda nao hadi stage, na pale stage vile unajua kulivyo Desemba watu wanasukumana hadi madirishani. Walisimama na mimi mpaka nikapata kiti. Nilipowauliza nyinyi mnaenda wapi Krismasi wakasema tuko tu hapa mama.

Kitu cha kunigusa nilikisikia nilivyorudi Januari. Mlinzi wetu wa geti ni mzee wa Kitui, sikukuu zote huwa zamu yake, watu wote wakienda yeye anabaki na rungu na redio. Akaniambia wale vijana jioni ya Krismasi walimletea chapati na ndengu, wakakaa naye kwa benchi, na yule Mzungu akafungua Biblia ya Kiswahili akasoma habari za Bethlehemu pole pole, mzee akimrekebisha pale anapokosea. Mzee alisema hajawahi kusomewa na mtu mwenye umri wa mjukuu wake. Kwa hivyo kama mdogo wako ni mtu wa Mwanza mwenye Kiswahili chake kizuri, huku hatakosa watu wa kukaa nao, hata ploti ikibaki tupu kuna mlinzi, kuna wagonjwa, kuna wale hawana nauli ya ushago na hao ni wengi kuliko mnavyodhani.

Machame_Juu

Naomba kuuliza bila ubaya wowote, mimi ni Mlutheri. Sisi Wachagga mnatujua, Desemba lazima mtu apande nyumbani, hata kama mwaka mzima hukuonekana. Kijana wa miaka 20 miaka miwili asirudi hata mara moja, tena nasikia hawalipwi chochote, mimi naona ni mzigo mkubwa kwa umri huo na kwa wazazi pia. Je akishindwa anaruhusiwa kurudi au ndio amefungwa? Na likitokea la kutokea nyumbani, msiba kwa mfano?

Zawadi_wa_Nyarugusu

Kaka Machame swali lako ni la haki kabisa na hata sisi wenyewe tuliliuliza. Mimi kwetu Kivu, nimekulia kambini Nyarugusu huko Kigoma, sasa niko Salt Lake City, hapa kuna tawi la Kiswahili, tumejaa Wakongo na Warundi na watoto wanakimbia kila upande. Mimi pia nilienda misheni, sisi wasichana ni miezi 18, wavulana ndio 24.

Mshahara hakuna, ni kweli. Wamisionari wa hapa Marekani familia zinachangia dola 500 kwa mwezi tangu Julai 2020, kabla ilikuwa 400, na hiyo ndio inalipa nyumba na chakula. Kwa wanaotoka nchi zetu mtu huchangia kadiri anavyoweza, kinachopungua hujazwa na mfuko wa kanisa. Kufungwa hakuna, akisema nataka kurudi anaongea na rais wa misheni anapangiwa safari. Msiba ukitokea familia na rais wa misheni wanazungumza, kuna waliorudi na kuna waliochagua kubaki, na wote wawili sitawahukumu. Lakini ni mzigo, sitakudanganya kwamba ni mwepesi. Ni mzigo ambao mtu ameuchagua mwenyewe, na nafikiri hapo ndipo penye tofauti, ukimwonea huruma sana unamnyang'anya kile alichokichagua.

Sasa dada Nyota nikuambie ya kwangu. Mimi nilipelekwa Michigan. Desemba kule saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, theluji inafika kwenye magoti, na Krismasi ya Wazungu mtu anajifungia ndani na familia yake, hakuna wa kuzurura mtaani, na wewe huwezi kwenda kubisha mlango wa mtu jioni ya tarehe 24. Waumini walitualika mpaka mchana mmoja tukala nyumba mbili, viazi vya kuponda na nyama na keki za kila aina, tumbo limejaa mpaka huwezi kupumua, na bado nikaingia bafuni nikafungua maji nikalia. Kwa hiyo dada yangu msishike sana habari ya atakula wapi. Atakula. Anaweza akawa ameshiba na bado anawatamani.

Kilichonisaidia kwanza ni kazi. Kiongozi wetu wa wilaya, yaani wa kikundi chetu kidogo cha wamisionari, alituambia milango ikifungwa tafuteni iliyo wazi, tukaenda nyumba ya kulelea wazee tukawaimbia nyimbo za Krismasi, kuna bibi mmoja alinishika mkono hakuniachia mpaka tumemaliza nyimbo zote tunazozijua, na alipogundua sauti yangu ni ya mgeni akaniomba niimbe moja kwa lugha yangu. Niliimba kwa Kiswahili, hakuelewa neno, akawa anatingisha kichwa tu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikalala vizuri.

Pili ni barua. Mama yangu hajui kuandika, alimwambia mdogo wangu aandike anavyosema yeye, na alisema mambo ya kawaida tu, kwamba jirani kaolewa, kwamba unga wa mahindi wanaupata duka la Wasomali mbali kidogo na nyumbani, kwamba mtoto wa shangazi ameanza kutembea na ameshaangusha televisheni. Nilisoma ile barua nikacheka peke yangu, nikamtafsiria mwenza wangu naye akacheka. Hakuandika tunakukumbuka mpaka hatuli, hakuandika nyumba imekuwa tupu. Angeandika hivyo ningepanda ndege.

Hapo mimi natofautiana kidogo na wanaosema wazazi wajikaze wasilie kwenye simu. Mama akilia alie, mtoto anajua mama yake analia. Kinachomvunja ni ile "rudi", au ile ya kumwambia Krismasi bila wewe haina maana, maana sasa furaha ya nyumba nzima umemtwisha yeye ambaye hawezi kuja. Mwonyesheni kuku, mwonyesheni watoto, mwonyesheni pilau likipakuliwa, acheni kelele zenyewe ziingie kwenye simu. Halafu mumuulize yeye. Mumuulize majina ya watu anaowatembelea, nani amembeba moyoni, mwenza wake anatoka wapi. Vijana wengi wakipiga nyumbani hakuna anayewauliza kazi yao, wanaulizwa tu unakula, unalala, umekonda, na wanabaki wanajibu namshukuru Mungu kama huyo wenu anavyojibu.

Machame_Juu

Asante dada kwa kujibu kwa uwazi. Bado mimi wa kwangu ningetaka awe nyumbani Desemba, lakini hilo la kutomtwisha furaha ya nyumba nimelielewa, nina binti yuko Uturuki masomoni na huwa namwambia hivyo hivyo kila mwaka.

Nyota_ya_Ziwa

Jamani asanteni sana, nimemsomea mama majibu yote, kwa MamaTed pale pa mlinzi alinyamaza halafu akasema nisome tena. Na swali la Zawadi limenichoma kweli, kila Jumatatu tunamuuliza umekula nini, sijawahi kumuuliza anamtembelea nani. Jana Jumatatu nikamuuliza. Aisee aliongea mpaka muda ukaisha. Kuna mzee mmoja fundi cherehani, kuna dada muuza mitumba ana watoto mapacha, anawajua kwa majina wote, na anasema fundi cherehani haendi kwao Krismasi hii kwa hiyo wameshapanga kushinda naye asubuhi, mchana wamealikwa kwa mama mmoja mjane wa kanisani ambaye amewapa kazi ya kusukuma chapati. Mwenza wake ni kijana wa Madagaska na hiyo ni Krismasi yake ya mwisho misheni.

Nina maswali mengine ya kawaida tu. Baba yuko Dodoma, hakai na mama miaka mingi, je dogo anaweza kuwapigia wote wawili siku hiyo au ni simu moja tu? Na mama tayari amenunua dagaa, amewakaanga, anataka kuwatuma na basi la Nairobi pamoja na majani ya chai ya kwetu. Nimemwambia chai aiache.

Kijana_wa_Kibwezi

Chai aiache kabisa, weka mchaichai uliokaushwa badala yake, atashukuru akialikwa kwa watu maana ataenda na kitu chake mkononi.

Wazazi wakiwa wanakaa mahali tofauti anaruhusiwa kuwasiliana na kila mmoja kivyake, hiyo iko wazi, mwambie tu apange muda mapema na mwenza wake kwa sababu mwenza naye ana familia ya kupigia na kawaida wanangojana.

Mzigo utume mapema, ikiwezekana kabla ya katikati ya mwezi. Mabasi ya Mwanza yanapitia Sirari na Desemba pale mpakani kunajaa, na ukichelewa mzigo unakaa kwa ofisi ya basi mpaka watu warudi kazini. Mimi niliwahi kutumiwa kifurushi cha Krismasi na familia yangu kikanifikia wakati wengine wameshasahau mwaka mpya, keki ikiwa jiwe. Muulize dogo akupe maelekezo ya ofisi ya misheni ama ya muumini atakayeupokea, usiandike tu jina lake na Nairobi. Dagaa wakauke vizuri na uwafunge kwenye kopo ama kwenye karatasi ngumu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017. Na weka wa watu wawili. Huyo wa Madagaska kama anamaliza karibuni familia yake inaweza ikawa imeacha kutuma vitu ikijua anarudi, inatokea sana, na inaumiza mtu kufungua kifurushi mwenzako akiwa ameketi tu.

Kitu cha mwisho, Januari Jumapili ya kwanza ni ya kufunga, wanaacha milo miwili na hiyo pesa inatolewa kwa wenye shida. Mkimpigia kesho yake Jumatatu mkamwona amelegea msishtuke. Na kama rais wa misheni ataruhusu huenda wakapata nafasi ya kwenda hekaluni, hiyo sio kanisa la kila Jumapili bali nyumba ya ibada maalum, hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, kabla ya hapo watu wetu walikuwa wanasafiri mpaka Johannesburg, kuna wazee waliuza ng'ombe kwa hiyo safari. Muulize habari ya hekalu mkiongea, utamwona anavyochangamka.

Nyota_ya_Ziwa

Nimeelewa kaka, Mungu akubariki. Basi dagaa ni wa makopo mawili, mchaichai, barua ya mama naandika mimi leo usiku. Kuna kitu kingine tuongeze kabla sijafunga boksi?

MamaTed_Donholm

Soksi nyeusi, dada, nyingi. Hawa watoto wanatembea kutwa nzima, na zao nikiziona kwa kamba zimetoboka visigino zote.